Foleni ndiyo stoo yetu: shajara ya mradi wa ugavi katika huduma

Wiki ya 1

Mradi umeanza rasmi. Kampuni yetu haiuzi bidhaa. Tunatunza viyoyozi, pampu na lifti kwenye majengo ya watu: mteja anapiga simu, fundi anakwenda, mashine inarudi kazini, ankara inatumwa. Lengo tulilopewa na uongozi ni mstari mmoja: kupunguza muda kati ya simu ya mteja na kufungwa kwa kazi, bila kuongeza mafundi. Hayo maneno matatu ya mwisho yamenikaa kichwani na nitayarudia.

Kikao cha kwanza kiliishia kwenye ubishi wa kama sisi tuna mnyororo wa ugavi au hatuna. Mkuu wa mafundi alishikilia kwamba ugavi ni habari ya viwanda na maduka, mambo ya malighafi, maghala na malori. Sisi tuna kastoo ka spea tu, alisema, basi. Nikamwomba atutajie kila kitu ambacho lazima kifike mahali pa kazi ndipo kazi ifanyike. Alianza na spea na vifaa. Akaongeza fundi mwenye ujuzi unaotakiwa. Kisha ruhusa ya kuingia jengoni, ufunguo wa paa, maelezo ya hitilafu, umeme wa kujaribia mashine, mtu wa kusaini kadi ya kazi. Alipofika hapo akacheka mwenyewe, maana zaidi ya nusu ya orodha ile haitoki kwa mzabuni yeyote. Inatoka kwa mteja.

Mtafiti Scott Sampson aliliandika jambo hili mwaka 2000: katika huduma, mteja ni mlaji na papo hapo ni mgavi, kwa kuwa yeye ndiye anayeleta mali yake, taarifa zake, au hata mwili wake, ili kazi ifanyike juu yake. Kiwanda huzalisha usiku kucha mteja akiwa amelala. Sisi hatukazi hata skrubu moja mpaka afungue mlango. Kwa hiyo ramani tuliyoanza kuichora ukutani ina mishale inayotoka kwa mteja kuja kwetu, na ndiyo mingi kuliko inayotoka kwa wauzaji wa spea. Mtu wa ununuzi hakufurahi. Alikuja akidhani mradi huu ni wa kubana wauzaji.

Wiki ya 2

Tumetoa kadi za kazi zilizokwisha kufungwa na kuandika kila kadi ilikuwa mikononi mwa nani, siku kwa siku. Kazi yenye mlango wa lifti usiofunga vizuri: fundi aliushughulikia asubuhi moja. Kadi ilikaa wazi kuanzia Jumatatu hadi Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku zote zilizobaki kadi ilikuwa inasubiri kitu: kupangiwa fundi, roli ya mlango kutoka stoo, meneja wa jengo kurudi safarini, saini.

Kadi nyingi zinafanana na hiyo. Muda wa kushika bisibisi ni kipande kidogo cha safari nzima, na kubana kipande hicho (ndilo jambo la kwanza kila bosi hulifikiria) hakutaleta kitu cha maana.

Hapa ndipo hesabu ya mtafiti John Little inapofaa. Mwaka 1961 alithibitisha uhusiano mwepesi ajabu: idadi ya kazi zilizo wazi kwa wastani ni sawa na kasi ya kazi zinazoingia mara muda ambao kila kazi inakaa ndani. Ukiwa na kazi 60 wazi, na kila siku zinaingia 12 na kufungwa 12, basi kila kazi inakaa siku 5 kwa wastani, upende usipende, hata mafundi wakimbie vipi. Ukimwahidi mteja siku 2 kwa kasi ile ile, kazi zilizo wazi hazitakiwi kuzidi 24. Nimeiandika ubaoni kwenye dawati la huduma, na tayari imezima ahadi kadhaa ambazo watu wa mauzo walitaka kuzitoa.

Mwenye kiwanda akiona mauzo yamelegea, anajaza ghala na kusubiri. Saa ya fundi iliyopita bure asubuhi haiwekwi rafuni ikatumika jioni. Kwa kuwa hatuwezi kuhifadhi huduma, tunahifadhi wateja: foleni ndiyo stoo yetu, na anayelipia gharama ya kuitunza ni mteja mwenyewe. Pengine ndiyo maana hakuna anayeihesabu mwisho wa mwezi kama tunavyohesabu spea.

Wiki ya 2, Ijumaa

Nimerudi kwenye yale maneno matatu: "bila kuongeza mafundi".

Ripoti ya mwezi inasifia kwamba mafundi wana kazi karibu muda wote. Uongozi unaona hilo ni jema. Mimi naliona kama chanzo kikuu cha foleni. Hesabu za foleni zina umri mkubwa. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, alizianza mwaka 1909 akiwa anashughulikia simu za Copenhagen, na tangu hapo jibu ni lile lile. Chukua kituo chenye mhudumu mmoja, wateja wanafika bila mpangilio na kazi zinatofautiana urefu. Mhudumu akishughulika asilimia 80 ya muda wake, wastani wa walio ndani ya mfumo ni 4. Akifika asilimia 90, wanakuwa 9. Akifika 95, wanakuwa 19. Asilimia 5 za mwisho, zile zinazoonekana nzuri kwenye ripoti, zimeongeza foleni zaidi ya mara mbili.

Sisi hatuna mhudumu mmoja, na kundi la mafundi wanaosaidiana huvumilia mzigo mkubwa kuliko mtu aliye peke yake. Lakini mafundi wetu hawasaidiani. Wa lifti hagusi kiyoyozi, wa viyoyozi hagusi pampu, na kila mmoja amefungiwa eneo lake. Kwenye karatasi ni kikosi. Kazini ni vituo vya mtu mmoja mmoja.

Nimewaomba uongozi mambo mawili. Kwanza, waache kupima shughuli za fundi, wapime kazi zilizomalizika kwa ziara ya kwanza. Pili, mafundi wa viyoyozi wafundishwe kazi za kawaida za pampu, na wa pampu za viyoyozi. Lifti tumeziacha pembeni. Usalama wake unadai mtu aliyesomea na mwenye cheti, na hapo hakuna njia ya mkato. La kwanza limekubaliwa nusunusu: vipimo vyote viwili vitabaki kwenye ripoti. La pili limepita.

Wiki ya 3

Wiki nzima nimekaa karibu na dada anayepokea simu. Nilidhani ningekaa siku moja.

Simu ya kawaida ni hii: "AC haipoi, tuma mtu." Anaandika "AC haipoi". Fundi anapanda gari, anafika, anakuta feni ya nje haizunguki, anafungua kifuniko, anaona kapasita imevimba. Ni kitu kidogo kama kopo, bei yake si ya kutisha na kukibadilisha ni kazi ya dakika chache. Ila iliyomo mashineni ni ya maikrofaradi 35 na alizonazo garini ni za 45. Anarudi. Mteja anahesabu kwamba tulifika na hatukufanya kitu, na hajakosea.

Tumeandika maswali ya kuuliza kabla ya kufunga simu. Je, feni ya ndani inazunguka? Ya nje? Kuna mlio, kuna maji yanavuja, kuna namba ya kosa kwenye kioo? Halafu lile linalozaa matunda kuliko yote: mteja apige picha ya bamba la mashine na kuituma. Bamba lile lina modeli, namba ya mashine, umeme inaotaka na aina ya gesi ya kupozea. Gesi pekee inatosha kuokoa ziara. Mashine ya gesi ya R-410A hufanya kazi kwa presha kubwa kuliko ya R-22, kwa kiasi cha nusu na ushei, na mafuta ya kompresa zake ni ya aina nyingine. Fundi aliyebeba geji na mtungi wa R-22 hana la kuifanyia mashine ya R-410A zaidi ya kuitazama.

Upinzani ulitoka nilikotarajia. Watu wa mauzo walisema tunamsumbua mteja, kwamba anayelipa hatakiwi kupanda paani kupiga picha. Hoja ina uzito kwa mteja wa nyumbani, hasa mzee. Kwa jengo la ofisi lenye mlinzi na mtu wa matengenezo haina uzito wowote. Tumekubaliana hivi: picha inaombwa mara moja tu kwa kila mashine, inaingia kwenye faili la jengo, haiombwi tena. Asiyeweza kuipiga, fundi wetu ataipiga katika ziara ya ukaguzi.

Dada wa simu ndiye aliyetoa wazo bora la wiki. "Kaka, nikimuuliza maswali yote haya kabla sijamwambia fundi anakuja lini, anakasirika. Nikimpa siku kwanza, anajibu vizuri." Mpangilio umegeuzwa. Siku kwanza, maswali baadaye.

Wiki ya 4

Stoo. Hapa nina machache, kwa kuwa ndipo palipokuwa na nafuu.

Mzee wa stoo alikuwa na mfumo wake kichwani na unafanya kazi kuliko ule wa kompyuta. Swali lilikuwa spea zikae wapi, garini au stoo. Hesabu inapendelea stoo: ukiwa na magari 9 na kila moja lina akiba yake ya tahadhari, akiba hiyo ikikusanywa mahali pamoja theluthi moja yake hutosha kwa uhakika ule ule, mradi mahitaji ya gari moja hayaendi sambamba na ya jingine. Lakini kila kitu kinachokaa stoo kinadai safari ya kukifuata, na saa ya fundi barabarani ni ile ile isiyohifadhika.

Mzee akakata shauri kwa sentensi moja. "Mwanangu, kidogo na cha bei rahisi kisafiri na fundi, kikubwa na cha bei kikae na mimi." Kapasita za saizi zote zinazojirudia, kontakta, fyuzi na mikanda zimekwenda kwenye magari. Kompresa, mota na bodi za umeme zinabaki kwake. Kila jioni fundi anatuma orodha ya alichotumia na asubuhi anakuta kikasha chake kimejazwa. Hakuna fomu ya kuombea kapasita tena, na saini tatu zilizokuwa zinahitajika zimefutwa. Mkaguzi wa ndani amelalamika kwa maandishi. Nimemjibu kwamba tutahesabu magari kila mwisho wa mwezi.

Wiki ya 6

Wakandarasi wadogo. Kazi za pampu kubwa na za kupaka rangi baada ya matengenezo tunawapa watu wa nje. Malalamiko yaliyozoeleka ofisini ni kwamba "hawaaminiki". Nimekaa na mmoja wao, mtu wa makamo ambaye kila mtu anakiri ni fundi hodari, nikamuuliza mbona kazi zetu huzisogeza mbele.

Alijibu bila kuficha: "Bosi, nyinyi mnalipa vizuri. Tatizo mnalipa lini?"

Nimeifuata pesa kinyumenyume. Mkandarasi halipwi mpaka ankara ya mteja itoke. Ankara haitoki bila kadi iliyosainiwa. Kadi iliyosainiwa inakaa garini kwa mkandarasi mpaka atakapopita ofisini, na ofisini hupita akiwa na sababu, yaani akiwa amekuja kudai malipo. Akifika anaambiwa malipo hayako tayari kwa sababu kadi ndiyo kwanza imeletwa. Duara kamili, na hakuna mtu ndani yake aliyefanya uzembe. Wakati huo kuna kampuni nyingine inayomlipa baada ya wiki moja, na mtu mwenye familia hana sababu ya kufikiri mara mbili aende kwa nani kwanza.

Watafiti Lisa Ellram, Wendy Tate na Corey Billington walipopendekeza muundo wa ugavi wa huduma mwaka 2004, waliweka mtiririko wa pesa ndani ya mnyororo wenyewe, pamoja na usimamizi wa mahitaji, uwezo na ujuzi. Nilikuwa nauona kama nyongeza ya kitaaluma tu. Kwa mkandarasi huyu, pesa ndiyo inayopanga ni nani atahudumiwa kesho.

Mabadiliko: kadi inapigwa picha palepale mteja akishasaini, inatumwa, na picha hiyo inatosha kutoa ankara. Malipo ya mkandarasi yametenganishwa na malipo ya mteja. Analipwa kwa tarehe, mteja awe amelipa au hajalipa. Mhasibu mkuu alikataa kwa siku kadhaa, na alikuwa na haki, maana ni pesa ya kampuni inayotangulia mfukoni mwa mtu. Alikubali alipoona orodha ya kazi zilizochelewa na faini za mikataba zilizoambatana nazo.

Namna ya kuhesabu malipo ni jambo jingine. Wa pampu alikuwa analipwa kwa saa, mwingine kwa ziara. Ukimlipa mtu kwa saa, usishangae kazi ikirefuka. Ukimlipa kwa ziara, usishangae kuitwa tena. Sasa ni bei moja kwa kazi iliyokamilika, na akirudi kwa hitilafu ile ile ndani ya siku 30 hakuna malipo ya pili. Kazi zenye mashaka ya kweli, kama pampu iliyo chini ya kisima ambayo hakuna aliyeiona, zimebaki kwa saa. Kumpa mtu bei moja kwa kitu asichokiona ni kumwambia ajikinge kwa kupandisha bei.

Wiki ya 7

Programu mpya ya kupanga kazi imewekwa. Inafanya kazi. Waliokuwa wakiisubiri itatue kila kitu wameanza kuona kwamba inaonyesha foleni kwa rangi nzuri zaidi.

Wiki ya 9

Joto limepanda na simu za viyoyozi zimefurika. Wiki hii imenifundisha kuhusu mahitaji kuliko wiki zote.

Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, alionyesha mwaka 1958 jinsi mabadiliko madogo ya mauzo dukani yanavyokuwa mawimbi makubwa kadiri oda zinavyopanda kuelekea kiwandani. Kwetu hakuna oda za bidhaa za kuvimba, kwa hiyo watu hudhani tumesalimika. Kinachovimba ni kazi zenyewe. Foleni ikirefuka, mteja anapiga simu ya pili na ya tatu kuulizia, na kila simu ikifunguliwa kadi mpya, mahitaji yanaonekana makubwa kuliko yalivyo. Meneja wa jengo naye, akijua atasubiri, anaripoti mashine zote za ghorofa, hata iliyo nzima, apate nafasi kwenye foleni. Fundi aliyelemewa anaharakisha: anajaza gesi bila kutafuta inakovujia. Baada ya wiki mbili mashine ile ile inarudi ikiwa kazi mpya.

Hili la mwisho ndilo baya. Watafiti Henk Akkermans na Bart Vos walilikuta katika kampuni ya simu, wakaliandika mwaka 2003: mzigo ukizidi ubora unashuka, ubora ukishuka mzigo unaongezeka. Wimbi linajilisha lenyewe.

Tulichofanya: simu ya kuulizia inaambatishwa kwenye kadi iliyopo, haifungui nyingine. Mteja anapewa tarehe mpya kabla hajaiuliza, hata kama ni mbaya. Na agizo ambalo mafundi hawakulitegemea kutoka kwa mradi wa kupunguza muda: hakuna kujaza gesi bila kupima uvujaji, foleni iwe ndefu vipi. Kijana mmoja aliniuliza kama ninaelewa kwamba hilo litapunguza kazi anazofunga kwa siku. Ninaelewa. Kazi zilizorudi ndizo zilizokuwa zinamjazia siku.

Ukaguzi wa kawaida wa pampu umesogezwa hadi joto litakapopungua, na mafundi wa pampu waliojifunza viyoyozi wamehamishiwa upande wa pili. Yale mafunzo yaliyopita kwa taabu wiki ya 2 sasa hayana mpinzani.

Wiki ya 10

Mikataba. Tumeiweka mezani yote, ya wateja upande mmoja na ya wagavi upande wa pili. Mkataba mmoja unamwahidi mteja fundi ndani ya saa 4 na lifti kurudi kazini ndani ya saa 24. Mkataba wa muuzaji wa bodi za lifti hiyo hiyo unampa saa 72 za kuleta. Waliosaini ni watu wa kampuni moja, kwenye jengo moja, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Hata pale ahadi zinapolingana, zikifuatana zinalana. Kazi inayotegemea vitu 5, kila kimoja kikiwahi mara 95 kati ya 100, huwahi yote kwa pamoja mara 77 tu, ikiwa havitegemeani. Kumwahidi mteja asilimia 95 kwa sababu kila mgavi ametuahidi asilimia 95 ni kusaini faini mapema. Tumewaambia watu wa mauzo waache ahadi ya muda wa kumaliza kwa lifti ambazo bodi zake hatuna stoo. Bodi mbili zinazotumika kwenye modeli nyingi zaidi zimeagizwa zikae kwa mzee.

Tumetenganisha pia saa mbili zilizokuwa zinachanganywa: ya kuitikia na ya kumaliza. Saa ya kumaliza inasimama fundi akiwa amefika na mlango umefungwa, na fundi anaandika muda huo palepale, mlinzi akiwa shahidi. Wateja wawili wamepinga. Wengine, kusema kweli, wameanza kuacha funguo mapokezi.

Wiki ya 11

Lililobaki wazi ni R-22. Chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, makubaliano ya kimataifa ya kuondoa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, nchi zilizoendelea zilitakiwa kufikisha matumizi ya gesi za kundi hili karibu na sifuri mwaka 2020, na nchi zinazoendelea mwaka 2030, pakibaki kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. R-410A nayo imo kwenye Marekebisho ya Kigali ya itifaki hiyo, ya 2016, ingawa kupungua kwake ni kwa hatua. Zile picha za mabamba sasa zimejaa faili, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tunajua ni jengo gani lina mashine ngapi za R-22. Ni nyingi kuliko mtu yeyote alivyokisia kikaoni.

Pendekezo langu ni kila mteja apewe orodha ya mashine zake kabla ya kupanga bajeti ya mwaka, zile zinazovuja mara kwa mara zikiwa juu. Mkuu wa mauzo anahofia kwamba tunawapa wateja sababu ya kuita washindani waje kuwauzia mashine mpya. Inawezekana. Ila mtungi ukikosekana katikati ya joto, simu itakuja kwetu, na jina lililo kwenye mkataba ni letu. Mtu wa ununuzi, ambaye mwanzoni hakuufurahia mradi huu, ndiye aliyeniunga mkono, kwa kuwa ndiye atakayetakiwa kuutafuta mtungi huo. Orodha za majengo makubwa zinatoka Jumatatu, na nakala za mtu wa ununuzi zimetangulia kuchapishwa.